Wimbo na Jina la Mtungaji Wake

Ewe msomaji, ukisimama siku ya soko mjini Kisii, au Nyamira, au Keroka, ukamwuliza mpita njia kama aujua wimbo uitwao "Malaika," bila shaka atakujibu kwamba aujua, na huenda akakuimbia papo hapo. Lakini ukizidi kumwuliza ni nani aliyeutunga, majibu yatakuwa mbalimbali. Huyu atamtaja Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye hakuutunga. Yule atamtaja Fadhili William. Wa tatu atasema kwamba wimbo huo hauna mwenyewe, ni mali ya watu wote. Ni ajabu wimbo kuenea dunia nzima, na aliyeutunga asijulikane katika nchi alikozaliwa wimbo wenyewe. Tuangalie basi jinsi utungaji wa nyimbo ulivyopata kuwa kazi ya mshahara katika Kenya, na jinsi jina la mtungaji lilivyoweza kuanguka njiani.

Hapo kale, katika nchi ya Abagusii, swali hilo halikuwa na uzito. Chombo kikuu cha muziki kilikuwa obokano, chenye nyuzi nane na bakuli kubwa lililowambwa ngozi. Ni ndugu ya nyatiti ya Waluo, ila umbo lake ni kubwa zaidi, na sauti yake ni nzito mno, hata mtu aliye mbali huisikia kama ngurumo. Mpigaji aliketi, akapiga, akaimba, na watu wakamwona kwa macho yao. Mtungaji, mwimbaji na mpigaji alikuwa mtu mmoja. Aliyependezwa alimtunza yeye mwenyewe pale pale, wala hapakuwa na mtu wa katikati. Tena hakuna aliyempimia muda. Akitaka aliendelea hata usiku wa manane.

Santuri ndiyo iliyoyagawanya mambo haya. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi, na mtungaji akalazimika kusema yote aliyo nayo katika muda huo. Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba wimbo sasa uliweza kusafiri peke yake, bila ya mwenyewe. Katikati ya santuri paliwekwa karatasi ya duara, na juu ya karatasi hiyo yakapigwa chapa jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la kampuni, na kwa herufi ndogo jina la mtungaji. Herufi hizo ndogo ndizo chakula cha mtungaji. Jina likiandikwa vibaya, au likiandikwa la mtu mwingine, fedha nazo hufuata jina lililoandikwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Nairobi ikawa mji wa kurekodi muziki. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita, alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Kisha katika miaka ya 1960 ikasitawi Equator Sound Studios, iliyoendeshwa na Charles Worrod. Humo palikuwa na bendi iliyoajiriwa kama waajiriwavyo makarani: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Fikiri maana yake. Mtu aamka asubuhi, aenda kazini, na kazi yake ni kutunga wimbo utakaonunuliwa Kisii, Kampala na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilifaa kuliko lugha nyingine yoyote, maana soko lake halikuishia mpakani mwa wilaya.

Daudi Kabaka (jina lisikudanganye, hakuwa mfalme wa Buganda) alizaliwa mwaka 1939, na asili yake ni Magharibi mwa Kenya. Watu walimpa cheo cha mfalme wa twisti, nao hawakukosea. Nchi ilipopata uhuru, wimbo wake "Harambee Harambee" uliingia vinywani mwa wakubwa na watoto. Lakini wimbo wake uliofika mbali kupita mwingine ni "Helule Helule." Mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wimbo "Silence Is Golden," liliuchukua wimbo wa Kabaka, likauimba, nao ukapanda hata nambari 14 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana nchini humo. Vijana wa London wakacheza mwendo uliotungwa Nairobi. Ni wangapi kati yao waliogeuza santuri kusoma zile herufi ndogo? Nadhani wachache sana. Hata hapa kwetu, wengi waujuao wimbo hawajui kwamba uliwahi kuvuka bahari.

Naye Gabriel Omolo, baada ya siku zile za Equator, alitoa "Lunch Time" mwaka 1972, wimbo kuhusu wafanyakazi wa mjini na saa yao ya chakula cha mchana. Kwa maoni yangu hakuna wimbo wa Kenya wa miaka ile uliomtazama mtu wa mshahara mdogo kwa macho makali na ya huruma kama huo.

Turudi kwa "Malaika." Fadhili William aliurekodi pamoja na kundi lake la Jambo Boys, na jina lake likaandikwa kuwa ndilo la mtungaji. Hata hivyo wako washuhudiao kwamba Adam Salim aliutunga tangu mwaka 1945, na wengine humtaja Grant Charo. Mwaka 1965 Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao iliyopata tuzo ya Grammy. Mwaka 1981 Boney M. nao wakauimba. Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, alishikilia hadi mwisho kwamba wimbo ni wake. Sitajifanya hakimu katika shauri hili. Nasema tu kwamba kuutunga wimbo ni kazi moja, na kuufikisha masikioni mwa watu ni kazi nyingine, na ya pili Fadhili aliifanya pasipo shaka. Pale ambapo hapana karatasi iliyoandikwa tangu mwanzo, kila mwenye kumbukumbu huja na madai yake, na wote huenda wakasema kwa moyo safi.

Waimbaji wa Kisii nao walikutana na uchaguzi mgumu: kutunga kwa Kiswahili na kuuza kote, au kutunga kwa Ekegusii na kusikika nyumbani tu? Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, aliimba Ekegusii kwa mwendo wa benga, ule uliokulia kwa Waluo. Soko lake lilikuwa dogo kuliko la Kabaka, lakini nyumbani hakuna aliyeuliza nyimbo zake ni za nani. Leo kuna vituo vya redio, kama Egesa FM, vitangazavyo kwa Ekegusii, na soko lile dogo si dogo tena.

Kenya ilitunga Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1966, na nyingine mwaka 2001. Sheria hii ya pili yatofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Sauti iliyorekodiwa hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo sauti ya mwaka 1965 ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2015. Lakini wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti zilizotungwa, hulindwa maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kabaka alifariki mwaka 2001. Basi bendi ikipiga "Helule Helule" hotelini Kisii Jumamosi ijayo, mrabaha wa mtungaji ni haki ya warithi wake, au ya yule aliyepewa haki hiyo kwa maandishi, nayo itadumu hivyo hadi tarehe 31 Desemba 2051.