Nani anachaguliwa kuwa mgonjwa?

(Muziki wa kufungua, sekunde kumi na tano, kisha unashuka chini ya sauti.)

Kipindi cha leo ni cha historia, na kinaanza na kosa letu wenyewe.

Msimu uliopita tulitengeneza mchezo mfupi wa redio juu ya sida. Ninyi mliokaa Tanzania mnasema ukimwi. Ni ugonjwa uleule, na leo nitatumia jina lolote litakalotangulia mdomoni. Tuliandika watu wanne: muuguzi, mwalimu, kijana anayeogopa kupima, na mgonjwa. Mgonjwa tulimfanya mwanamke aliyetoka Uvira, anauza bia, wanaume wanaingia na kutoka kwake. Hakuna aliyebishana. Tulicheka hata, maana dada aliyemwigiza anajua sana kuiga watu.

Mchezo ulisikika mara mbili. Wiki iliyofuata mama mmoja mkimbizi, muuza ndagala anayeishi hapa Ngagara, alifika mpaka mlangoni tunaporekodia. Akateremsha beseni lake, akaniita nje.

"Mwanangu," akasema, "kila siku mgonjwa ni mwanamuke wa Kongo. Watu wengine hawagonjwaka?"

Nikamjibu: mama, ni mchezo tu. Akasema anajua ni mchezo. Lakini mwenye nyumba wake pia alisikiliza, na tangu siku ile watoto wa pale uani wamekatazwa kunywa kwa kikombe kimoja na watoto wake. Sikumwuliza kama yeye mwenyewe ana virusi au hana. Haikunihusu. Na nisipite hapa bila kulisema: sida haipiti kwenye kikombe.

Alipoondoka nilirudi ndani nikatafuta ile karatasi ya mchezo. Nilitaka kujua ni nani kati yetu aliyetoa wazo la yule mwanamke wa bia. Kila mtu alisema si yeye, na nadhani kila mtu alisema kweli. Hatukumbuni sisi. Tulimkuta tayari, kama mtu anavyokuta kiti chumbani akakikalia. Ndipo nikaanza kuuliza kiti hicho kiliwekwa na nani.

(Muziki mfupi.)

Julai 1993, wengi wetu wa kipindi hiki hatujazaliwa, Radio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Ulisikika mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Wazee waliokuwa Kigoma siku zile wakitajiwa jina hilo wanatabasamu, halafu wanataja jina moja: Mkwaju. Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Ana mke nyumbani, Tunu, na ana wanawake njiani kila anapolala. Mwisho wake mnaukisia: anapata ukimwi. Tunu, aliyekuwa mke wa kunyamaza, anajifunza kusimama mwenyewe na kutafuta riziki yake.

Mchezo huo haukuandikwa kwa kubahatisha. Ulifuata njia ya Mmeksiko Miguel Sabido, aliyeanza kutengeneza michezo ya televisheni ya namna hiyo miaka ya 1970. Katika njia hiyo wahusika ni wa aina tatu: mbaya, mwema, na yule wa katikati anayesitasita kisha akabadilika. Mbaya anaadhibiwa, mwema anafanikiwa, na msikilizaji anatembea na yule wa katikati. Watafiti wakataka kujua kama njia inafanya kazi. Wakaacha eneo la Dodoma bila mchezo kwa miaka miwili, makusudi, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Wakakuta kwamba kwenye maeneo yaliyosikia watu walisema wamepunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Kwa hiyo siji hapa kuucheka mchezo ule. Uliokoa watu, naamini.

Lakini tazameni umbo lake. Kama ugonjwa ndio adhabu, basi mgonjwa lazima awe yule mbaya. Mwandishi hahitaji kumchukia dereva wa lori. Njia yenyewe inamdai mtu wa kuadhibiwa, na wakati ule dereva alikuwa karibu. Mwandishi mwingine kesho atamchukua mwanamke wa baa, na wa keshokutwa atamchukua mgeni. Jirani mwenye nyumba hachukuliwi, kwa sababu ndiye anayesikiliza.

Sasa fikirini mtu ambaye umbo hilo halina mahali pa kumweka. Hapa Bujumbura yuko, na jina lake linajulikana na kila mtu: Jeanne Gapiya-Niyonzima. Alikuwa mwanamke kijana, mke wa mtu, mwaminifu katika ndoa yake. Sida ikamchukulia mtoto wake mchanga, ikamchukulia na mume. Mwaka uleule ambao Mkwaju alianza kusikika Tanzania, 1993, kulianzishwa hapa chama cha kuwasaidia wenye virusi, ANSS, na yeye ndiye mwanzilishi wake. Oktoba 21 mwaka huo Rais Melchior Ndadaye akauawa, nchi ikaingia vitani, watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuelekea Tanzania. Katikati ya vita hiyo, kanisani, mhubiri akiwazungumzia wagonjwa wa sida kama watu waliotenda dhambi, mama huyu alisimama mbele ya waumini akasema kwamba yeye ana virusi. Hakuna Mrundi aliyekuwa amesema hivyo hadharani kabla yake.

Uganda ilikuwa imeshaona jambo kama hilo. Aprili 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza kwamba anaugua ukimwi. Wako waliosema anatafuta sifa. Akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza mpaka nguvu zikamwisha, na Desemba mwaka uleule akafa. Filamu ilipigwa ya safari yake hiyo. Ndani ya filamu ile hakuna mwigizaji wa mgonjwa; mgonjwa ni yeye.

Ninawaweka wawili hawa pamoja kwa sababu wote walikinyakua kile kiti wenyewe. Tunu angeweza kuwa Jeanne Gapiya: mke mwaminifu, mume msafiri. Katika maisha Tunu wengi sana waliambukizwa majumbani mwao, na kliniki za wajawazito zilijua hivyo mapema. Lakini Tunu akiugua mchezo unaharibika, maana msikilizaji atauliza amekosa nini. Mama Jeanne aliwalazimisha watu kanisani wajiulize swali hilo, naye akiwa amesimama mbele yao. Baadaye ANSS ikawa na kituo kiitwacho Turiho. Wanaojua Kirundi hawahitaji tafsiri. Kwa wengine ni kusema: tupo.

(Muziki mfupi.)

Ngoja niseme kidogo juu ya mtaa huu, maana nao una funzo lake katika habari hii.

Ngagara ilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, na wazee bado wanaiita OCAF, jina la ofisi iliyojenga nyumba hizi. Kartiye zake zinahesabiwa kwa namba. Katikati ya miaka ya 1990 mji ulipasuliwa: Ngagara ikawa ya Watutsi, Kamenge hapo jirani ikawa ya Wahutu, na kuvuka barabara kulikuwa kuhatarisha roho. Siku hizohizo, 1995, ilianzishwa Studio Ijambo, ambamo waandishi wa habari Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja. Kuanzia 1997 studio ile ilitoa mchezo wa Kirundi, Umubanyi niwe muryango, kazi ya mwandishi Marie-Louise Sibazuri. Maana ya jina ni kwamba jirani ndiye ndugu. Ni familia mbili zinazopakana, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi.

Sasa fikirini mwandishi angefuata njia ya mbaya na mwema. Mbaya angemweka nyumba gani? Angemweka hii, nusu ya mji ingezima redio. Angemweka ile, nusu nyingine. Kwa hiyo ubaya na wema vikalazimika kukaa pande zote mbili za ua. Ujuzi huo ulikuwepo katika mji huuhuu, miaka ileile, na watu waliupenda mchezo kwa miaka mingi. Kwa vita waandishi walijua kwamba ukiliweka kosa lote nyumba moja, unaichoma nyumba hiyo. Kwa sida waliotufundisha kuandika hawakutuambia, na sisi hatukufikiri.

Televisheni ilipokuja na picha zake, kiti kilihamishwa tu. Shuga ilianza 2009 kwenye MTV, imepigwa Nairobi, na humo Lupita Nyong'o aliigiza mwanafunzi aitwaye Ayira kabla dunia haijamjua. Vijana wa Shuga wana simu nzuri na muziki mzuri, na inazungumza wazi kuliko sisi tunavyothubutu. Nairobi hiyohiyo ina Eastleigh iliyojaa wakimbizi. Kati ya wahusika wakuu sikumwona mmoja. Pale Uingereza, Januari 2021, walionyesha It's a Sin, ya Russell T Davies, juu ya vijana wa London miaka ya 1980, wanaume wanaopenda wanaume, wakifa huku familia zao zikificha jina la ugonjwa. Najua wako wanaokunja uso nikitaja watu hao. Mimi ninataja kwa sababu moja: mwandishi ni mmoja wao, alikuwa kijana miaka ile, na kwa hiyo wagonjwa wake wana utani, wana kazi, wana mama zao, wana vyombo visivyooshwa jikoni. Si adhabu ya mtu. Ukiandika juu ya kifo cha rafiki yako, mkono haukubali kumfanya mfano wa onyo.

Na sisi wakimbizi? Kwa miaka mingi tulikuwa kwenye ripoti tu, katika sentensi moja iliyorudiwa kila mahali: vita na wakimbizi vinasambaza ukimwi. Ilionekana kweli bila kupimwa. Mwaka 2007 jarida la madaktari The Lancet lilitoa uchunguzi uliokusanya vipimo vya nchi 7, Burundi na Kongo zikiwemo. Walilinganisha makundi 12 ya kambi na wenyeji waliozizunguka. Katika makundi 9 maambukizi kambini yalikuwa chini kuliko ya wenyeji, katika 2 yalilingana, na katika 1 tu yalikuwa juu. Narudia, kwa aliyechelewa kufungua redio: 9 kati ya 12, chini. Hii haisemi kwamba wanawake hawakubakwa vitani, wala kwamba hakuna aliyeambukizwa kwa kubakwa. Walibakwa, wako walioambukizwa, na wengine wananisikiliza sasa. Inasema tu kwamba mkimbizi hakuja na ugonjwa kwenye mzigo zaidi ya mwenyeji wake.

Kuna kitu alichokuja nacho kwenye mzigo, na hicho sijakisikia katika mchezo wowote. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi, wengi kwa kuvuka mto Rusizi upande wa Cibitoke. Katika watu wengi namna hiyo lazima wamo wanaokunywa dawa za sida kila siku. Mtu anayekunywa dawa vizuri, mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini lazima anywe kila siku. Basi mtu huyo yuko mtoni na vidonge vya siku kadhaa vimefungwa ndani ya kitenge, anavihesabu. Upande wa pili ataulizwa karatasi ya kuhamishwa kutoka kliniki yake, na kliniki imefungwa au haipo. Atamwambia nani, katikati ya uwanja uliojaa watu, kwamba amebakiza vidonge kumi? Akiinua sauti jirani atasikia. Akinyamaza vitaisha.

Nilimpelekea yule mama muuza ndagala wazo hili kabla ya kuliandika. Tulikaa kwenye kizingiti chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya mtu anayejua: vidonge vilikuwa kwenye kopo au kwenye karatasi? Kopo linalia ukitembea, watu wanasikia. Nikabadilisha, nikaandika karatasi. Nikamwomba atoe sauti ya mhusika, akakataa. Nikamwomba amchagulie jina, akakataa pia, kwamba jina lolote atakalotaja kuna mtu wa kwao analo. Alichotaka ni kimoja. Mchezo wa kwanza tulimpa mwanamke wetu wanaume tu, akasema. Safari hii tumpe kazi kwanza, ugonjwa watu wataujua baadaye.

Kwa hiyo katika sehemu mtakayoisikia sasa hivi, dakika nne za mwanzo hakuna anayetaja sida. Kuna mwanamke hapa Ngagara, mteja wake anabishana naye bei ya kushona sare ya shule, na mvua inakaribia kunyesha.

(Muziki unazimika. Mlio wa cherehani.)