UZI: Ukilipia gemu, ni yako? Vita vya Juni 2013 na ubishi ambao haujaisha

Leo wagombea wapumzike kidogo. Kila mjadala wa haki za watumiaji ukianza hapa, kuna mtu lazima aseme: "Hupendi? Usinunue. Soko litajirekebisha." Mwingine anamjibu: "Hapana, tunataka sheria." Kuna kesi moja ambayo pande zote mbili huivuta kwao, na inahusu gemu za video. Hata kama huchezi, kaa hapo.

Mei 2013 Microsoft ilionyesha konsoli mpya, Xbox One, huko Redmond, Marekani. Tarehe 6 Juni ikatoa masharti. Hapo ndipo moto uliwaka.

Unanunua diski dukani, sawa. Lakini konsoli lazima ijiripoti kwa seva za kampuni kupitia intaneti angalau mara moja kila saa 24. Isipofanya hivyo, gemu haifunguki hata kama diski iko ndani. Ukicheza gemu zako kwa konsoli ya mtu mwingine, ni kila saa 1.

Kuuza gemu uliyomaliza? Kwa maduka yaliyoshirikiana na mpango huo tu, na kampuni iliyotoa gemu ndiyo ingeamua kama inaruhusu. Kumpa rafiki? Mara moja tu kwa kila gemu, na huyo rafiki awe kwa orodha yako mtandaoni kwa siku zisizopungua 30. Kuazimisha? Haingewezekana wakati wa uzinduzi. Yaani umelipa pesa yako, halafu unaomba ruhusa umpe jirani.

Orodha ya nchi za kwanza ilikuwa na nchi 21. Afrika, sufuri. Hata Poland haikuwemo, na The Witcher 3, mojawapo ya gemu zilizoonyeshwa kunadi konsoli hiyo, ilikuwa ikitengenezwa huko huko Poland!

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu ubishi huu ni mzee kuliko umeme kwa nyumba nyingi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa amechapa onyo ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema ukishauza nakala, huna tena mamlaka juu ya bei anayoiuzia mwingine. Mwaka 1909 kanuni hiyo ikaingia kwa sheria. Kwa lugha yetu: mitumba ni halali. Aliyeshona shati hawezi kukufuata Gikomba.

Mbona basi Microsoft iliweza hata kufikiria masharti kama yale? Kwanza, kampuni za programu husema hazikuuzii programu, zinakupa leseni ya kuitumia. Pili, na hili ndilo watu hupuuza, kufuli la kidijitali halihitaji hakimu. Yule mchapishaji wa 1908 ilibidi aende kortini kulazimisha onyo lake, na akashindwa. Kufuli lenyewe linakataa tu kufunguka. Wewe mnunuzi ndiye utakayetafuta wakili.

Watu walikasirika vibaya sana. Wanajeshi walio melini na kambini wakauliza, sisi tutapata intaneti wapi? Mkuu wa kitengo cha Xbox, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu wasio na intaneti, jibu lake kwa kifupi lilikuwa kwamba kuna konsoli yao tayari, ile ya zamani, Xbox 360. Jibu kama hilo tunalijua. Ni lile la "kama barabara ni mbovu, nunua gari kubwa."

Na wakati ulikuwa mbaya kwao. Tarehe hiyo hiyo 6 Juni, magazeti ya The Guardian na The Washington Post yalifichua mpango wa PRISM wa ujasusi wa Marekani, na Microsoft ilitajwa ndani. Xbox One nayo ilikuja na Kinect, kamera yenye maikrofoni, iliyotakiwa iwe imeunganishwa. Hebu fikiria hizo habari mbili kwa siku moja.

Tarehe 10 Juni, kwa maonyesho ya E3 Los Angeles, Sony ikapanda jukwaani. PlayStation 4: diski unauza, unaazimisha, na hakuna kujiripoti kila siku. Bei dola 399, huku Xbox One ikiwa dola 499. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Sony ikatoa pia video fupi ya kufundisha jinsi ya kumpa mwenzako gemu: bwana mmoja anamkabidhi mwenzake diski. Video imeisha. Kejeli tupu.

Tarehe 19 Juni Microsoft ikafuta masharti. Siku 13 tu. Mwezi uliofuata Mattrick akahamia kampuni nyingine. Tuwe wakweli pia: kuna kizuri kilichofutwa pamoja na masharti hayo. Mpango ule ungeruhusu hadi watu 10 wa familia kushiriki gemu zako, na kucheza bila kuweka diski. Wapo wachezaji walioomba urudishwe.

"Si unaona? Soko lilifanya kazi." Ndiyo, lilifanya. Lakini lilihitaji mshindani aliye tayari wiki hiyo hiyo, na bei iliyo chini kwa dola 100. Na kilichobadilika ni uamuzi wa kampuni, si sheria. Leseni ilibaki leseni.

Ndiyo maana mlango wa nyuma ulibaki wazi. Mwaka 2019 Microsoft iliuza Xbox One S isiyo na sehemu ya diski kabisa. Mwaka 2020 Sony ile ile ya kejeli ikatoa PS5 ya kidijitali kwa dola 399, na yenye diski kwa dola 499. Bila diski, huna cha kuuza wala kuazimisha. Hakuna aliyeandamana. Punguzo la dola 100 lilifanya kile ambacho amri ilishindwa.

Kwetu hili lina uzito wake. Vile vibanda vya PlayStation mtaani, na diski inayopita mikono minne kabla ichoke, vinaishi kwa sababu diski ni kitu unachoshika.

Na hata diski siku hizi haitoshi. Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014. Waliokuwa na diski wakabaki na plastiki. Wachezaji wakaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni 1, kiwango kinachohitajika ili Tume ya Ulaya ilazimike kujibu.

California nayo ina sheria iliyoanza Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unapata leseni. Kukunyang'anya baadaye haijamkataza.

Haya, replies ziko wazi. Mtu wa "soko litajirekebisha" aanze na 2020. Mtu wa "tunataka sheria" atuambie ingeandikwaje.