Land Cruiser: imetoka mbali, sasa inaenda wapi?

Familia nyingi zilizokimbia vita zinaijua Land Cruiser nyeupe. Ndiyo inayofikisha daktari na dawa pale ambapo lori limekwama kwenye matope.

Historia yake ilianza Japani mwaka 1951. Toyota ilitengeneza gari lililoitwa BJ, na mwaka huo huo likapanda mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Mwaka 1984 ikatoka aina ya 70, ndiyo hii tunayoiona kwenye barabara za Masisi na Walikale.

Nguvu yake ni urahisi. Injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, inapata mazutu kwa pampu ya kawaida, bila kompyuta. Fundi wa kijijini anaifungua kwa spana zake, anatengeneza, safari inaendelea.

Lakini katika nchi tajiri sheria za moshi zimekaza. Mwaka 2023 aina ya 70 ilirudi kuuzwa Japani ikiwa na injini ya lita 2.8 inayoongozwa na kompyuta. Inakunywa mazutu kidogo, ila ikizimika porini, spana peke yake haitoshi.

Gari lenyewe litaendelea kuwepo. Swali ni kama mafundi wetu watapata mafunzo na vifaa vya kulipima. Wasipopata, chanjo italala njiani, na atakayeumia ni mtoto anayeisubiri kambini.