Taipofoto: Maandishi na Picha Vinaposema Jambo Moja

Mwaka 1925 László Moholy-Nagy, msanii mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, alitoa kitabu kuhusu uchoraji, upigaji picha na filamu. Humo aliliunganisha jina la uchapaji na jina la upigaji picha, akapata istilahi moja ambayo kwa Kiswahili naiandika taipofoto. Maana yake ni mpangilio wa ukurasa ambamo maandishi na picha ya kamera hubeba ujumbe mmoja kwa pamoja, kiasi kwamba ukiondoa kimoja, kilichobaki hakijitoshelezi. Kwa Moholy-Nagy, picha iliweza kukaa kando ya maneno kama kielelezo, na iliweza pia kushika nafasi ya maneno yenyewe.

Mfano ulio wazi kabisa ni bango la Alexander Rodchenko la mwaka 1924, alilolitengeneza kwa ajili ya idara ya uchapishaji ya serikali mjini Leningrad. Mwanamke amefunga kitambaa kichwani, mkono ameuweka kando ya mdomo, anaita kwa sauti. Kinywani mwake linatoka neno la Kirusi lenye maana ya “vitabu”. Herufi ya kwanza, iliyo karibu na midomo, ni ndogo. Zinazofuata zinazidi kukua kadiri zinavyoelekea ukingoni mwa bango, kama sauti inavyotanuka ndani ya tarumbeta. Zibe herufi kwa kiganja: anabaki mwanamke anayepiga kelele, hujui anataka nini. Zibe uso: linabaki neno lisilo na msemaji. Hiyo ndiyo taipofoto.

Jambo hili lisingewezekana bila hatua moja ya kiufundi. Mtambo wa herufi za risasi unajua mambo mawili tu, wino upo au wino haupo, kijivu hakuna. Ndiyo maana kwa miaka mingi picha ya kamera ilipelekwa kwanza kwa mchongaji aichonge upya juu ya ubao. Mwaka 1882 Georg Meisenbach alipata hataza nchini Ujerumani kwa njia ya kuivunja picha kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga, ambazo jicho huzichanganya likaona kijivu. Tangu hapo picha na herufi ziliweza kuchapwa pamoja kwa mpigo mmoja.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana kuna atakayeuliza kwa nini tusitumie maneno yetu. Tukisema “maelezo ya picha”, hicho ni kitu kingine: ni mistari miwili mitatu chini ya picha inayotaja nani yuko wapi. Kiunganifu “ya” kimeyafanya maandishi kuwa mali ya picha. Tukigeuza tuseme “picha ya maandishi”, msomaji ataelewa kwamba kuna karatasi imepigwa picha. Hata neno ambatani kama “pichamatini” lina taabu hiyohiyo, kwa sababu katika maneno yetu ambatani nomino ya kwanza kwa kawaida ndiyo bwana na ya pili ni sifa yake: jina batamzinga linamtaja ndege huyo kana kwamba ni aina ya bata. Istilahi hii inahitaji pande mbili zilizo sawa. Tena mkopo huu hautakuwa mgeni masikioni. Kupiga taipu tunakujua, na fotokopi tunatoa kila siku. Katika sarufi itaingia ngeli ya I-/ZI- bila ugomvi: taipofoto hii imekaa vizuri, taipofoto hizi zimekaa vizuri.

Wasomaji wa pwani wataikumbuka kanga. Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008, ziliuzwa kanga zenye sura yake katikati na jina, yaani maneno ya kanga, ndani ya kisanduku chini yake. Kwa maoni yangu kanga ya namna hiyo ni jamaa wa karibu wa taipofoto. Kimpangilio, maneno yamekaa mahali pake pa siku zote bila kujali picha inatazama wapi. Kimaana lakini, jina na sura vinategemeana, na mnunuzi huvisoma kwa pamoja kabla hajauliza bei.

Anayepanga kurasa kwa Kiswahili ana shughuli ambayo vitabu vya Ulaya havimwambii. Maneno yetu ni marefu. Neno “hatukuwakaribisha” likiingizwa katika safu nyembamba kando ya picha, na safu ikalazimishwa kunyooka pande zote mbili, mstari wa juu yake utajaa mapengo. Afadhali upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa, au neno likatwe penye silabi: hatukuwa-karibisha. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kukata ni rahisi; la kuangalia ni “ng’” isitenganishwe.

Na maandishi yakiwekwa juu ya picha yenyewe, kitu cha kwanza kupimwa ni mwanga. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya ukubwa wa kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Picha haina rangi moja. Mstari mweupe unaosomeka vizuri juu ya nywele nyeusi hupotea ukifika kwenye kola ya shati jeupe. Tafuta sehemu tulivu ya picha, anga au ukuta, uyaweke maneno hapo. Na kama hakuna, mwambie mpiga picha mapema akuachie.

Neno hilo “mapema” ndilo ninalowaomba wahariri walizingatie. Msimpe msanifu picha leo na makala keshokutwa. Mwandishi, mpiga picha na msanifu wakae meza moja kabla kamera haijatoka ofisini.