Peintiboli: kabla ya bunduki, nunua macho

Najua nilikuwa kimya, kazi za darasani zilinibana na mazoezi ya kufundisha nayo yananukia. Leo nimerudi na mada ambayo imekuwa ikizunguka huku kwetu Kimara na pale chuoni tangu bumu litoke: peintiboli. Kuna washkaji tisa wamekubaliana kuchanga hela waagize vifaa vya kuanzia, wawe wanacheza Jumamosi kwenye kiwanja cha ndugu wa mmoja wao huko Kibamba. Bajeti yao nimeiona kwa macho yangu. Bunduki za rangi zimemeza karibu hela yote, vidonge vya rangi vimepata kidogo, na kwenye macho wameandika "miwani ya fundi, Kariakoo".

Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu mtarajiwa wa Historia, nimepewa kazi ya kusoma ili niwaambie kipi kianze. Nimesoma, na jibu limo ndani ya historia yenyewe ya mchezo huu. Tuanze mwanzo.

Peintiboli haikuanza kama mchezo, na haikuanzia jeshini kama wengi wanavyodhani. Ilianza kwa mabwana misitu. Marekani, jimbo la Michigan, kulikuwa na kampuni ya rangi iitwayo Nelson iliyokuwa ikitengeneza rangi za kutia alama kwenye miti: huu ukatwe, huu uachwe. Shida ni kwamba msituni kuna miti iko ng'ambo ya mto, mingine iko kwenye mteremko mkali, na kuifuata mmoja mmoja na brashi ni kazi ya kuchosha. Wakafikiria kitu cha kurusha rangi kutoka mbali. Kampuni ya bunduki za upepo ya Crosman ilijaribu kutengeneza moja miaka ya 1960, haikushika soko. Baadaye Daisy wakatengeneza ya kwao, na Nelson wakaiuza kwa jina la Nel-Spot 007. Wafugaji nao wakaipenda, maana unampiga ng'ombe alama ya rangi bila kumkimbiza zizi zima.

Na kile kidonge? Hicho ni ndugu wa vidonge vya hospitali. Mwaka 1933 bwana mmoja wa Detroit, Robert Scherer, alibuni mashine ya kutengeneza vidonge laini vya gelatini, vile vyenye mafuta ya samaki ndani. Teknolojia ileile ikatumika kufungia rangi. Kwa hiyo unapokamata kidonge cha peintiboli umeshika kitu kilichozaliwa kiwanda cha dawa na kulelewa msituni.

Sisi wa Kimara hatuhitaji kuelezwa maana ya alama ya rangi. Wanaokumbuka mwaka 2017, nyumba za kando ya barabara ya Morogoro zilipobomolewa kupisha upanuzi, wanaijua ile X nyekundu ukutani. Rangi ikishapigwa, mti au nyumba, maana yake wewe umetoka. Kanuni ya peintiboli ni hiyohiyo: ukipata doa umetoka. Tofauti ni kwamba hapa unakwenda pembeni, unakunywa maji, raundi inayofuata unarudi.

Sasa mchezo. Marafiki wawili, Hayes Noel aliyekuwa dalali wa hisa kule New York, na mwandishi Charles Gaines aliyekuwa akiishi New Hampshire, walikuwa na ubishi ambao hata sisi tunao kila tukirudi likizo. Nani anaweza kujinusuru zaidi msituni, mtu wa mjini au mtu wa bara? Noel alisema ujanja wa mjini unatosha popote. Gaines akasema thubutu, msitu una wenyewe. Wangeweza kubishana mpaka leo, lakini wakaziona zile bunduki za mabwana misitu. Wakamshirikisha rafiki yao Bob Gurnsey, ambaye ndiye aliyekaa chini kuandika kanuni.

Tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker, New Hampshire, watu 12 waliingia msituni. Kila mmoja alikuwa peke yake, hakuna timu. Walipewa Nel-Spot 007, miwani ya kukinga macho, ramani na dira. Kulikuwa na vituo vinne vya bendera, na mshindi ni atakayekusanya bendera zote bila kupigwa rangi.

Unajua nani alishinda? Mtu wa misitu, Ritchie White. Na hakupiga risasi hata moja. Alipita kimyakimya, akaokota bendera zake, akatoka. Wenzake wakirushiana rangi yeye alikuwa anatembea.

Hapa naomba washkaji tisa wasimame kidogo. Mchezo wa kwanza kabisa duniani ulishindwa na mtu ambaye bunduki yake isingekuwepo matokeo yangekuwa yaleyale. Alichokitumia ni miguu, macho na akili. Halafu sisi tunataka bunduki ile hela yote ya bumu?

Tuendelee. Nel-Spot 007 ilikuwa ya kukoki kwa mkono kila ukipiga mara moja, na gesi yake ilikuwa kwenye kikopo kidogo cha gramu 12. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, kwa sababu iliumbwa ikae kwenye gome la mti mvua inyeshe isinyeshe. Wachezaji walikuwa wanajisugua kwa tapentaini kama mafundi rangi. Kwenye miaka ya 1980 ikaja ya kuoshwa kwa maji, na hapo ndipo mchezo ukawa wa watu wa kawaida. Mwaka 1982 kiwanja cha kwanza cha biashara kikafunguliwa kule Rochester, jimbo la New York. Leo hii hata majirani zetu Nairobi wanavyo viwanja vya kulipia.

Lakini kitu kilichobadilika kwa maumivu zaidi ni miwani. Wale waanzilishi walivaa miwani ya karakana, hiyohiyo ya fundi ambayo washkaji wameiandika. Wengine baadaye wakavaa ya kuteleza kwenye theluji, au ya mbio za pikipiki. Bunduki za wakati ule zilikuwa za polepole na watu walikuwa wachache, lakini kadiri bunduki zilivyoharakishwa watu wakaumia macho, wengine wakapofuka. Sehemu kubwa ya majeraha makubwa iliwapata waliocheza bila kinga au walioivua katikati ya mchezo, tena mara nyingi kwenye michezo ya kienyeji isiyo na msimamizi. Yaani mazingira yetu ya Kibamba kabisa! Ndipo zikaja maski za peintiboli zenyewe, zinazofunika macho, masikio na uso, na Wamarekani wakaziwekea kiwango chao maalumu, ASTM F1776. Maski halali inaandikwa namba hiyo. Ikikosekana, iache hapohapo hata kama muuzaji anakuapia.

Kwa nini miwani ya fundi haitoshi? Tufanye hesabu ya kidato cha tatu. Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha inchi 0.68, yaani kama milimita 17, na uzito wa gramu 3 hivi. Kikomo cha mwendo kinachokubalika viwanjani ni futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Nishati yake inakuja kama jouli 12. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo moja na robo kudondoka kutoka urefu wa mita moja, ila lote linatua mahali padogo kuliko kizibo cha soda. Mpira wa miguu ukikupiga usoni, mfupa wa nyusi na wa shavu unapokea sehemu kubwa ya pigo. Kidonge cha milimita 17 kinapita katikati ya mifupa hiyo bila hodi. Miwani ya fundi imetengenezwa kuzuia cheche na vumbi, na pembeni iko wazi, na ukikimbia inadondoka.

Jambo la pili ni gesi, na hapa Dar inatuhusu kuliko wao. Bunduki nyingi za bei nafuu zinatumia kaboni dayoksaidi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Ndani ya mtungi inakaa nusu kimiminika, kwa hiyo presha yake inafuata joto. Kwenye nyuzi 20 presha ni karibu mara 57 ya hewa ya kawaida, kwenye nyuzi 30 inafika 72. Bunduki uliyoipima asubuhi kukiwa na kiubaridi inaweza kuvuka kikomo saa nane mchana wa Februari, mtungi ukiwa umeachwa juani. Ndiyo maana viwanja vya maana vina kipima mwendo, na bunduki inapimwa tena jua likishapanda. Hewa ya kawaida iliyoshindiliwa ni tulivu zaidi, lakini inataka mtungi wa presha kubwa na mashine ya kuujaza kama ya wapiga mbizi. Na unyevu wetu huu? Gelatini inaunyonya, kidonge kinavimba, kinapasukia ndani ya mtutu. Usinunue vidonge vya mwaka mzima uviweke chini ya kitanda hosteli.

Bunduki zenyewe ziko nyingi, lakini historia ina jibu la mtu anayeanza. Mwaka 1998 kampuni ya Tippmann ilitoa Model 98, chuma kigumu, nusu otomatiki, cha kufungua na kusafisha kirahisi. Haikuwa ya mbwembwe, na ndiyo maana viwanja vingi vya kukodisha viliipenda: inaangushwa na wageni, inajaa matope, inaendelea kupiga. Sifa za kutafuta ni hizo hata kama jina ni lingine: ngumu, rahisi kufungua, vipuri vinapatikana, na mwendo wake unarekebishika. Mtu anayekuuzia kwa kigezo cha risasi ngapi kwa sekunde anakuuzia gharama za vidonge.

Kwa hiyo bajeti yangu kwa washkaji ni hii, kwa mpangilio wa kununua.

Kwanza, maski tisa zenye ile namba, na mbili za akiba kwa watazamaji, maana mtazamaji naye ana macho. Pili, soksi ya mtutu kwa kila bunduki. Ni kifuko cha kitambaa chenye kamba kinachofunika mdomo wa bunduki wakati haichezwi. Bei yake ni ndogo, na majeraha mengi yanatokea wakati wa "raundi imeisha jamani". Tatu, kipima mwendo kimoja cha kundi. Nne, nguo. Hapa msiagize chochote kutoka nje: jinzi nzito, sweta la mikono mirefu na kitu cha kukinga shingo vyote viko mitumba ya Manzese. Raba zenye meno mnazo tayari. Tano na mwisho ndiyo bunduki, na zianze nne za kupokezana, sio tisa. Nne dhidi ya wanne wanaosubiri zamu, mmoja refa. Refa ni lazima, sio pambo.

Kuna jambo la kabla ya hayo yote. Nchi yetu ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, na kitu chenye mtutu na kifyatulio hakiingii bandarini kimyakimya. Nendeni kwanza polisi muulize kwa maandishi, kabla hela haijatumwa. Na majirani wa Kibamba waambiwe. Mtu akiona vijana wamejifunika nyuso na bunduki vichakani hataanza kuuliza kama ni rangi.

Wengine watasema naharibu starehe. Sio hivyo, hata mimi nataka kucheza. Ila mwakani nitakuwa darasani, na nikirudi mtaani kila siku naona madogo na manati zao wakiwinda ndege kwenye mikorosho. Tukianza sisi wanachuo kucheza na miwani ya fundi, wao wataanza bila miwani kabisa, maana mdogo anaiga anachokiona. Tukianza na maski, wataiga maski.

Kikao cha kupiga kura ni Jumamosi saa kumi. Wanaosema bunduki tisa kwanza wako watano, wanaosema maski kwanza wako wanne. Nahitaji kura moja tu, na nimeshaanza kumtembelea yule mwenye kiwanja.

Basi wadau, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.