Kaye ya nkambo: ukurasa mmoja wa historia ya Kolwezi

Katika seminari tulifundishwa historia ya Kanisa kwa majina ya Mapapa, mitaguso na watakatifu. Ni vema. Lakini mtu anayetaka kuandika habari za Wakristu wa Kolwezi ataanza na karatasi gani? Kompani ilikuwa na vitabu vyake, Serikali vyake, misioni vyake vya ubatizo na ndoa. Mimi ninaleta hapa kitabu kimoja kidogo: kaye ya nkambo wangu, iliyofunikwa kwa kipande cha mfuko wa unga wa posho.

Kolwezi si mji wa zamani, ingawa watu wa inchi hii walijua kuyeyusha shaba mbele sana ya mzungu kufika. Reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo ilikwisha mwaka 1931; mji wenyewe ulianza mwaka 1937, Union Minière ilipopanua kazi ya shaba upande wa magharibi. Kazi ilitaka watu wengi, nao waliitwa kutoka Kasai, kutoka Lomami na kwingineko. Tokea mwaka 1928 hivi kompani ilipenda mtu aje pamoja na bibi yake, kwa mapatano ya miaka 3, sababu iliona kwamba mwenye jamaa hatoroki upesi.

Nkambo alifika mwaka 1947, kutoka upande wa Bukama, pamoja na nkambo mwanamke. Walipewa nyumba, posho ya kila juma, lupitalo, na baadaye masomo ya watoto. Watu walizoea kusema kwamba kompani ndiyo baba, ndiyo mama. Nkambo hakupenda neno lile. Alijibu kwamba yeye baba anaye huko Bukama, tena anamwomba chumvi na nguo kila mwezi, wababa wawili hawezi.

Kaye ilianza namna hii. Mwaka 1941 wafanyakazi walikuwa wamegoma, na huko Élisabethville askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na wenzake wengi. Kiisha vita, mwaka 1946, Serikali iliagiza makompani kuwa na baraza za wafanyakazi weusi. Miaka michache baadaye nkambo alichaguliwa katika baraza ya kampi yake. Baraza haikuwa na nguvu. Ilisema habari za samaki wenye harufu na za bomba la maji lililovunjika, na mara nyingi bwana aliandika tu na kunyamaza. Basi nkambo akanunua kaye, apate kukumbuka watu walimtuma kusema nini, na mwezi uliofuata aseme tena.

Polepole kaye ilipokea mambo mengine: mtoto amezaliwa, mama fulani yuko lupitalo, mzee fulani amekufa na mbao za sanduku hazijalipwa. Aliandika namba ya nyumba, jina, na shida. Kitabu cha kompani kilikuwa na mahali pa kuandika kabila. Kaye ya nkambo haina. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa mafundisho makubwa. Labda ukurasa ulikuwa mwembamba.

Nyumbani alikuwa mpole kupita wababa wetu wote. Jumamosi jioni wajukuu tulipanga mstari, naye alitukata kucha mmoja mmoja, ili tusiende kwenye Misa na mikono ya machimboni. Aliyelia alikatwa wa mwisho, kiisha akapewa karanga.

Mwaka 1967 Serikali ilitwaa kompani. Baadaye ikaitwa Gécamines. Katika kaye jina tu lilibadilika. Mei 1978, vita vilipoingia Kolwezi tarehe 13, kuna siku 8 pasipo mwandiko, kiisha majina 11 yenye msalaba.

Sasa nafika mahali pazito. Mwezi wa Septemba 1990 machimbo ya Kamoto yalibomoka. Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000. Yule baba-na-mama alikuwa anakufa, na watoto wakaanza kuulizana nani ni mwana wa nyumba. Likasi ilianza mwaka 1992. Mwezi wa Machi 1993 ilikuwa zamu ya Kolwezi: watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapa, walitolewa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye stasioni na katika masomo, wakingoja gari la moshi la kwenda Mwene-Ditu na mbele zaidi. Wengi walikufa, hasa watoto.

Nilikuwa na miaka 9. Nilisukuma pusupusu ya maji pamoja na nkambo mpaka stasioni. Katika kaye kuna nyumba 14 za siku zile, na vitu walivyomwachia kama amana. Nyumba 212: mashini ya kushona, sufuria 3, sanamu ya Bikira Maria. (Namba nimezigeuza.) Halafu, chini, nyumba 219: «Mwanangu ameingia. Si yetu.»

Mwana yule ni baba yangu mkubwa. Nkambo hakuingia katika nyumba ile mpaka kufa kwake, lakini watoto waliozaliwa humo aliwaandika wote, siku na saa, na kucha zao alizikata. Lakini yeye alikuwa katekista wa kampi. Jumapili ile alisoma somo mbele ya watu, wala hakuongeza neno. Nilimkasirikia kwa miaka mingi. Nkambo mwanamke aliniambia baadaye kwamba walikuwa wametishwa kuchomewa nyumba. Naandika jambo hilo kwa kuwa ni kweli. Hasira yangu yote haikutoka.

Nkambo alikufa mwaka 2006. Mwaka 2011 mwanamke mmoja alitoka Mwene-Ditu, akataja jina la mama yake. Tulifungua kaye. Mashini ilikuwa imepakwa mafuta kila mwaka, wala haikushona hata shati moja. Sufuria zilikuwa 2. Ya tatu tulikuwa tumeipikia mpaka ikatoboka. Nkambo mwanamke akaenda soko kununua nyingine.

Nyumba 219 bado ina watu, ndugu zangu wa damu. Tangu dunia inatafuta kobalti, nyumba za Kolwezi zimepanda bei sana, nao wanataka kuiuza. Mwaka jana walikuja kuniomba, kwa heshima, nisionyeshe ukurasa ule kwa mtu. Mimi ninayewaambia watu katika kitubio warudishe mali ya wengine sikuwajibu siku ile. Niliwapa chai, tukaongea habari za watoto. Kiisha wao kwenda, nilitafuta jina la wenye nyumba katika kurasa za mbele, nikalipata, na barua nimeipeleka kwa padri wa parokia moja ya Mwene-Ditu. Jibu halijafika.