Kusoma na Kufahamu: Jinsi Shule za Msingi Zilivyopima Usomaji

Tangu Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, shule na kanisa viliandamana karibu kila mahali. Mtoto alianza na silabi, akaendelea na maneno, hatimaye akafikia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529. Siku ya kupimwa alisimama mbele ya mwalimu, akasoma kwa sauti. Kipimo hicho kilikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa mtoto mwenye kumbukumbu njema aliweza kuushika ukurasa mzima kwa moyo na kuusoma hata kitabu kikiwa juu chini. Dawa ilikuwamo katika Katekisimo yenyewe, ambayo huuliza maana baada ya kila amri. Lakini jibu nalo lilikuwa limeandikwa papo hapo, nalo likakaririwa vilevile!

Kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za makanisa zilikabidhiwa serikali, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Katika mtihani wa darasa la saba, somo la Kiswahili lilitenga sehemu ya ufahamu: kifungu cha habari, kisha maswali ya kuchagua jibu.

Kutunga sehemu hiyo ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu kisiwe kile ambacho watoto wamekwisha kukisoma darasani, la sivyo kumbukumbu itapimwa badala ya ufahamu. Tuseme kinasimulia hivi: mzee aliona sisimizi wakihamisha mayai yao, akaharakisha kuanua kahawa yake. Kuuliza mzee aliona nini ni kumtaka mtoto anakili tu. Kuuliza maana ya kuanua ni kupima msamiati. Bali kuuliza kwa nini aliharakisha ndiko kupima ufahamu, maana neno mvua halimo katika kifungu. Msomaji hana budi kulipata mwenyewe. Majibu yasiyo sahihi nayo yapaswa kufanana na ukweli, ili asiyesoma asiyatambue kwa kuyatupia jicho tu.

Hata hivyo, mahali penye majibu matano, mtoto asiyejua lolote hubahatisha na kupata swali moja katika kila matano. Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Si haki kuutupia mtindo wa kuchagua lawama yote, kwa maana udanganyifu nao ulitajwa. Lakini karatasi ya namna hiyo haikuweza kumsikia mtoto akisoma.

Mwaka 2013 upimaji wa kitaifa wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la pili ulimrudisha mtoto mbele ya mtu mzima, mmoja mmoja, asome kwa sauti. Safari hii yalitangulia maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ambayo hakuna aliyeweza kuyakariri nyumbani. Kisha kilifuata kifungu kifupi, na maswali ya mdomo juu yake. Kazi hiyo huchukua dakika nyingi kwa kila mtoto, hivyo ilifanywa kwa shule na wanafunzi wachache waliochaguliwa, wala haikuchukua nafasi ya mtihani wa darasa la saba.